Nzuri, Ila…

Mkute Mswahili amelala kitandani, dripu inaning'inia, umwulize hali. Atajibu, "Nzuri." Mwulize aliyezika jana habari za nyumbani, atasema, "Salama tu." Hadanganyi. Ni adabu, kwa kuwa mgeni hapokewi kwa shida. Kwanza anapewa "nzuri" kama anavyopewa kiti, na akishatulia kwenye kiti hicho ndipo linapokuja lile neno dogo lililobeba habari yote. Ila. "Nzuri, ila mtoto amelazwa." "Tunaendelea vizuri, ila mashine ya pili inatoa mlio."

Kazini viongozi wengi hawakai kwenye kile kiti. Wanapita mbio, "Habari za kazi?" "Nzuri, bosi," wanaingia ofisini na hakika yao. Nimesimamia watu katika karakana za uchapaji Dar es Salaam kwa miaka mingi, na leo nikiambiwa nichague msimamizi mpya sitaanza na vyeti vyake. Nitawafuata watu aliowahi kuwaongoza niwaulize jambo moja: mkiharibu kitu saa tatu asubuhi, yeye anajua saa ngapi?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi nilikuwa najua jioni. Wakati mwingine kesho yake. Mara moja nilijua mzigo ukiwa umeshafika kwa mteja.

Ilikuwa Desemba 2007. Kalenda za ukutani 3,000, kurasa sita, miezi miwili kila ukurasa. Mteja wetu alikuwa chama cha akiba na mikopo. Aliyepanga kurasa alichukua faili la mwaka uliotangulia akasogeza siku, akasahau kwamba 2008 ni mwaka mrefu, Februari ina siku 29. Februari yetu ikaishia 28, Machi ikaanza Ijumaa badala ya Jumamosi, na kuanzia hapo mwaka mzima ukawa umeteguka kwa siku moja. Prufu niliipitia mimi mwenyewe. Nilitazama rangi, nembo, namba za simu na jina la mwenyekiti, maana wenyeviti husoma jina lao kwanza. Tarehe sikuzihesabu. Nani anahesabu tarehe? Tukachapa, tukakata, tukabana, tukapeleka.

Mteja alipiga simu kesho yake. Hakufoka. Aliuliza kwa upole ambao mpaka leo sijausahau: "Samahani ndugu yangu, kwani mwakani Ijumaa Kuu itakuwa Alhamisi?"

Nikafunua nakala iliyobaki mezani. Kweli, tarehe 21 Machi, kwa wino mwekundu, imekaa chini ya Alhamisi. Pasaka Jumamosi.

Niliwaita wote. Nikiwa katikati ya kufoka, kijana mmoja aliyekuwa akikusanya kurasa, mwaka wake wa kwanza kazini, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliliona. Lini? Siku ya pili, tukiwa hatujafika hata nusu. Sasa mbona hukusema? Akatazama viatu vyake. "Ulisema nipange karatasi, bosi."

Nikakumbuka. Kama wiki mbili nyuma alinifuata kuniambia kuna bluu imepauka kwenye vipeperushi. Nilikuwa na haraka zangu. Nikamjibu mbele ya wenzake, "Wewe umeajiriwa kutazama rangi au kupanga karatasi?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikipiga hesabu ya karatasi, pleti, wino na posho za watu waliokula Krismasi yao mashineni, sijawahi kucheka kicheko cha ghali kama kile.

Vile vitabu vya uongozi vinavyouzwa kwenye foleni za magari vina orodha ndefu za sifa: maono, ujasiri, mvuto, ushawishi. Sina ugomvi navyo, nimenunua viwili. Lakini mwenye maono asiyejua kwamba mashine ya pili inatoa mlio atashtuka siku ile ile wanaposhtuka wengine. Sifa ninayoitafuta mimi ni ya kawaida mno, haijazi ukumbi wa semina: je, watu wake wanathubutu kumletea habari mbaya ingali mbichi, wakati bado inaweza kutibika?

Hilo halitokei kwa kutangaza kwamba mlango wako uko wazi. Kila bosi niliyemjua alitangaza hivyo, na milango yote ilikuwa wazi kweli, hakuna aliyepita. Linaanza na jinsi unavyouliza. "Kuna tatizo?" ni swali bovu, kwa sababu jibu lake limeshapikwa: "Hapana, bosi." Kusema kuna tatizo ni kama kukiri kwamba tatizo ni lako. Uliza juu ya kitu, mwache mtu. "Leo mashine ipi imekusumbua?" "Mzigo huu ukichelewa, utachelewea wapi?" Langu mwenyewe, ambalo halijawahi kuniangusha, ni hili: "Mteja akiturudishia kazi hii, ataturudishia kwa lipi?" Hapo humlaumu mtu yeyote, unamwalika atabiri, na watu wetu wanapenda kutabiri kuliko kuripoti. Utasikia, "Labda pembe, zinakuja zimepinda kidogo." Kumbe pembe zimepinda tangu asubuhi.

Ukishauliza, nyamaza. Hii ndiyo sehemu ngumu. Mwenye cheo akiona kimya hudhani ni chake, anakijaza maneno, na ile ila iliyokuwa njiani inageuza kurudi. Jifanye unasoma karatasi. Funga kamba ya kiatu. Itakuja.

Na usiisubiri kikaoni. Kikaoni anaanza anayependa kusikika, wanafuata wanaokubaliana naye, na mwenye cheo akishatia neno basi mjadala umezikwa. Kama ni lazima kiwe kikao, uwe wa mwisho kusema. Ila habari zenyewe zinatoka saa nne kwenye chai, au mchana kwenye benchi la mama ntilie, au dakika kumi za kufunga kazi watu wakinawa wino mikononi. Uwe hapo mara kwa mara. Tafadhali, usiligeuze benchi la mama ntilie kuwa kikao cha pili. Kula ugali wako, zungumzia Simba na Yanga, lipa, ondoka. Wiki ya kwanza watanyamaza ukifika. Wiki ya tatu watakusogezea pilipili.

Sasa habari imefika. Dakika ile ya kwanza ndiyo inayoamua kama itakuja nyingine.

Katika viwanda vya Toyota, hao waliotuundia zile Hiace ambazo nusu ya mji huu ilikuwa ikibanana ndani yake, kuna kamba inayopita juu ya mstari wa kuunganisha magari. Mfanyakazi akiona kasoro, hata kama ni bolti haikukaa, anaivuta. Taa inawaka, kiongozi wa kikundi anafika pale pale, na kasoro isiporekebishwa gari likafika kwenye alama yake, mstari unasimama. Wengi waliosimuliwa habari hii wameiga kamba: kisanduku cha maoni ukutani, namba ya simu ya malalamiko. Wasichoiga ni mwendo wa yule kiongozi wa kikundi. Anakuja kusaidia. Hafiki akiuliza, "Nani kavuta?"

Baada ya kalenda zile nilijifundisha kauli moja nikaikariri kama mtoto wa chuoni: "Asante kwa kuniambia. Hebu tukaone." Miezi ya mwanzo nilikuwa naitoa meno yameumana, na watu walikuwa wanajua kabisa kwamba nimekasirika. Haikudhuru. "Tukaone" ilikuwa na kazi kuliko "asante", maana inakutoa kwenye kiti, mnatembea wawili mpaka penye kasoro, na mkifika pale mnakuwa watu wawili wanaotazama kitu kilichoharibika, si mshtakiwa na hakimu. Nani alikosea ni swali la haki, lina saa yake, na saa yake ni baada ya mzigo kuokolewa.

Msomaji mmoja atasema huu ni ulegevu. Nimwambie kwamba makosa hayalingani. Kuna aliyekosea akasema. Huyo unamrekebisha na kesho mnaendelea. Kuna aliyekosea akafunika, akaweka nakala nzuri juu na mbovu chini ya bunda. Huyo mimi nilikuwa mkali kwake hata kama kosa lenyewe lilikuwa dogo, na kila mtu alijua kwamba ukali ni kwa kufunika. Na kuna aliyekuja amelewa akasimama mbele ya mashine ya kukatia karatasi. Kisu kile kinapita rimu nzima kama siagi, hakijui samahani. Huyo anaondoka sakafuni dakika hiyo hiyo, mengine yatafuata.

Lakini hayo mengine yafuate kwa utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka vitu viwili unapomwachisha mtu kazi: sababu halali na utaratibu wa haki. Aambiwe anatuhumiwa nini, apate muda wa kujiandaa, asikilizwe, aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake. Anayeona ameonewa ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimewahi kumwona meneja ameshindwa huko akiwa na sababu nzito kabisa mkononi, kwa kuwa siku ya tukio alisema neno moja tu, "Toka," na hakuandika hata mstari. Jua pia kwamba saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, kazi ya ziada ni kwa makubaliano, na malipo yake ni mara moja na nusu. Usiseme hayo ni ya ofisa utumishi. Fundi atakuuliza wewe, tena mashine ikiwa inaunguruma, na usipoyajua utaahidi usichoweza au utamnyima kilicho chake.

Nirudi kwenye kicheko changu, kwa sababu hapo ndipo viongozi wengi wanapojichimbia. Nchi hii ina historia yake juu ya dharau kazini na vijana wengi hawajaisikia. Februari 1971 TANU, chama tawala cha wakati ule, kilitoa waraka ulioitwa Mwongozo. Ulitoka wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, na sehemu kubwa ilihusu kuyalinda mapinduzi ya Afrika. Ibara ya 15 ndiyo iliyoingia viwandani. Ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu kwa anaowaongoza, na wafanyakazi wakaishika ibara ile kama fimbo. Miaka miwili mitatu iliyofuata mameneja kadhaa Dar es Salaam walijikuta wamefungiwa nje ya geti, na 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikichukua kiwanda wakakiendesha wenyewe kwa muda. Kinachonigusa ni kwamba migogoro mingi ya wakati ule haikuanzia kwenye mshahara. Ilianzia kwenye matusi, kauli za kebehi na watu kufukuzwa ovyo.

Siku hizi hakuna anayemfungia bosi geti. Wanamfungia habari.

Na chombo cha kudharaulia kimerahisishwa. Saa tano usiku kundi la WhatsApp la kazini linalia: picha ya taa ya stoo inayowaka, chini yake, "Nani aliacha hii???" Alama tatu za kuuliza. Watu ishirini wanaisoma kitandani, wengine wenza wao wakichungulia begani. Hakuna anayejibu. Asubuhi mmoja anaandika "Sawa bosi," wengine wanafuata, "Sawa bosi," mstari mrefu wa sawa bosi usio na habari hata moja ndani yake. Aliyeacha taa unamjua, au utamjua kwa kuuliza watu wawili. Mwite pembeni. Kundi liachie ratiba, pole na hongera, na hongera zenyewe zisiwe za kila siku maana nazo hupauka kama ile bluu.

Pembeni pana umuhimu wa pekee ukiwa umepewa kuwaongoza waliokuzidi umri. Vijana wa vyuoni wananiuliza sana hili: nimepewa kitengo, ndani yake kuna mzee aliyeanza kazi sijazaliwa, nifanyeje? Anza na shikamoo, tena uianze wewe, kila siku, hata siku mliyogombana. Hupunguzi cheo. Shikamoo ni ya umri, agizo ni la kazi, na mzee mwenye akili anajua kuvitenganisha kuliko unavyodhani. Asichokisamehe ni kuagizwa kama mtoto mbele ya watoto. "Mzee, mzigo wa leo unatoka saa nane, wewe ungeanza na mashine gani?" Atakwambia, na mara nyingi atakuwa sahihi. Akikosea, mwambie mkiwa wawili, mwambie wazi, usizungukezunguke kwa kisingizio cha heshima mpaka asijue umesema nini. Hilo nimelifanya. Mzee wa watu aliondoka akidhani nimemsifu, akaendelea na kosa lake wiki nzima.

Kuna jambo la misiba, nalo si dogo. Sheria imetenga walau siku 4 zenye malipo kwa aliyefiwa na mwenza, mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, babu au bibi, au mjukuu. Kila mtu anajua kwamba siku 4 hazimfikishi mtu Kigoma, akazika, akakaa matanga, akarudi. Amua mapema utafanyaje na zile za ziada, na uamue sawa kwa wote. Watu hukumbuka kwa miaka bosi alifika kwa nani na nani alitumiwa rambirambi kwa simu. Nilikuwa na tabia ya kwenda misiba ya mafundi na kuwatumia wasaidizi pesa tu. Hakuna aliyelalamika. Niliambiwa na mke wangu, ambaye aliambiwa na mke wa mmoja wao, sokoni. Yaani hata habari ya dharau yangu ilinifikia kwa kuzunguka Kariakoo.

Na wewe pia una bosi. Hapa ndipo nimeona wasimamizi wazuri wakivunjika: chini wanapokea ukweli, juu wanapeleka "nzuri". Wanaulizwa kama mzigo utatoka Ijumaa, wanajua hautoki, wanasema utatoka, kisha wanashuka kuwakimbiza watu ili uongo wao uwe kweli. Watu wanaona. Baada ya mara mbili hawakuletei tena kitu, maana wamejua hakipandi popote. Mwambie mwenye kampuni siku ya Jumatano, tena uende na mawili mkononi: kilichotokea, na unachopendekeza. "Ijumaa hatuwezi nakala zote. Naweza kukupa elfu moja Ijumaa na zilizobaki Jumatatu. Nimpigie mteja mimi au utampigia wewe?" Atakasirika. Utaona vidole vikigonga meza. Keti hapo hapo.

Yule kijana wa kalenda hakuniletea neno kwa miezi. Nilimwomba radhi mbele ya wote, kwa kuwa mbele ya wote ndiko nilikomchekea, na alisema, "Hamna shida, bosi," kwa sauti ile inayomaanisha shida ipo. Nilikuwa napita kila asubuhi. "Habari za hapa?" "Nzuri." Nasimama kidogo. Naondoka.

Agosti tulikuwa na kazi ya vitabu vya shule, mashine imeshika kasi, saa inatukimbiza. Nikasikia mtu ameniita. "Bosi, nzuri, ila… hebu njoo uone huku." Nikaashiria mashine izimwe. Akanionyesha ukurasa, kuna kivuli kijivu ukingoni, anadhani wino umevuja. Nikauchukua nikaupeleka dirishani. Kivuli kilikuwamo kwenye picha yenyewe. Mpiga picha alikuwa amesimama vibaya na jua likiwa nyuma yake. Tulikuwa tumepoteza dakika sita na karatasi kama arobaini.

"Asante kwa kuniambia," nikasema. Safari hii meno hayakuumana. Nikamrudishia ukurasa, nikaenda kuiwasha mashine mwenyewe.